Siku 179, huna chako

Machi 2024 Ireland walifungua fidia kwa waliopitia zile nyumba za mama na mtoto, zamani msichana akipata mimba bila ndoa alikuwa anapelekwa kwa masista, anajifungulia humo, mtoto anapewa watu wengine. Ripoti ya tume ya Januari 2021 ilisema watoto kama 9,000 walifia humo, na waziri mkuu Micheál Martin akaomba radhi bungeni. Zikatengwa euro milioni 800, watu kama 34,000 wanastahili. Sasa shida iko hapa, kama ulikuwa mtoto na hukufikisha siku 180 ndani, hupati hata senti. Wameachwa nje watu kama 24,000.

Tusiionee serikali lakini. Ile fidia yao ya 2002, ya waliolelewa kwenye shule za bweni na vituo vya watawa, watu wazima walikaa mbele ya jopo wakahojiwa walivyopigwa na kubakwa, wengi wanasema ile kuhojiwa ilikuwa kidonda juu ya kidonda, na ukija kutangaza habari za malipo yako hadharani sheria inakusubiri, faini mpaka jela. Kwa hiyo safari hii wakasema hatumhoji mtu, tunaangalia rekodi tu, ulikaa siku ngapi. Hilo nawapa. Mzee wa miaka 70 halazimiki kulia mbele ya mawakili.

Ila kwa nini 180? Hoja iliyotolewa ni kwamba mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kukumbuka aliyopitia. Jamani. Kliniki zetu kila siku wanatuimbia miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji usimpe, na ndio miezi mtoto anaponing'inia kwa mama kuliko wakati wowote. Mtoto hajafika hata arobaini anageuza shingo akisikia sauti ya mama yake. Halafu miezi hiyo hiyo ndiyo unaniambia aliyenyang'anywa mama hakupoteza kitu? Na kutokukumbuka kwenyewe ni sehemu ya hasara, wengi wamezeeka hawajui mama alikuwa nani wala kama kwenye ukoo kuna kisukari, na sheria ya kuwafungulia taarifa zao za kuzaliwa imekuja 2022.

Halafu cheki hii. Mama, hata kama alilala humo usiku mmoja, anastahili, kima cha chini euro 5,000, na ni sawa kabisa apewe. Mtoto aliyezaliwa kwenye kitanda kile kile akakaa miezi mitano bila mama, yeye hahusiki. Aliyeingia tarehe 1 Januari akatolewa mwisho wa Mei hana kitu, mwenzake wa kitanda cha pembeni aliyetolewa mwanzoni mwa Julai analipwa, na siku ya kutoka hawakupanga wao, walipanga masista na watu waliokuja kuchukua mtoto. Leo yuko na miaka sitini na kitu, ameshika faili lake, anahesabu siku kwa vidole.