Kabla hujanunua RAM, fungua mashine uangalie

Kijiti cha kwanza cha RAM, ile memori ya kazi ya kompyuta, nilichonunua kwa hela yangu kiligoma kuingia. Nikakikandamiza, nikakigeuza, nikakikandamiza tena. Nilipokilaza kando ya kile cha zamani ndipo nikaona: kile kipengo kwenye safu ya pini kilikuwa kimesogea milimita chache. Mashine ilitaka DDR3, mimi nimebeba DDR4, kizazi cha RAM kinachofuata. Ukubwa ulikuwa sawa, gigabaiti 8, na hilo ndilo swali pekee nililomuuliza muuzaji.

Kipengo hicho kimewekwa kusudi. DDR3 hutumia volti 1.5, DDR4 1.2, DDR5 1.1, na hakuna namna ya kuzichanganya. DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zote zina pini 288. Ukizitupia jicho utaapa ni pacha. Za laptopu ni fupi, karibu nusu ya hizo. Ninayoiogopa mimi ni DDR3L, ya volti 1.35. Laptopu nyingi za zama za mwisho za DDR3 zinaitaka hiyo tu, lakini DDR3 ya kawaida nayo inaingia vizuri kwenye sloti, kisha mashine inakataa kuwaka. Hapo kipengo hakikuokoi.

Ila kinachonikera zaidi siyo hicho. Watu wanakuja wakisema "kompyuta imejaa, niongezee memori", kumbe kilichojaa ni diski, huko picha na video zinakokaa. RAM ni ile inayosahau kila kitu ukizima. Jamaa yangu mmoja alisisitiza nimpandishe kutoka 8 hadi 16 kwa sababu mashine ilichukua dakika nzima kuwaka. Nikamwekea. Ikachukua dakika nzima kuwaka. Tulipoitoa ile diski ya kuzunguka na kuweka SSD, diski isiyozunguka, hakuwahi kumaliza hata kuvuta kiti kabla haijawaka.

Kwa hiyo pima kwanza, na upime wakati mashine imekuudhi, siyo ukiwa umeiwasha sasa hivi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager inayoonyesha asilimia ya memori na diski inayotumika. Anza na memori. Ikiwa iko asilimia 50 huku diski inagonga 100, RAM mpya haitakusaidia kitu. Ikiwa memori imefika 90 na zaidi, usiilaumu diski hata kama nayo inahema: mfumo unahamishia huko vitu vilivyokosa nafasi kwenye RAM. Hapo nunua.

Kutoka 8 kwenda 16 utaisikia tofauti, hasa kama wewe ni wa kufungua tabo thelathini. Kutoka 16 kwenda 32 ni kwa wanaohariri video au kuendesha mifumo endeshi miwili kwa pamoja. Wengine wote watalipia namba. Na kama sloti ziko mbili, vijiti viwili vya 8 ninavipenda kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa huvisoma vyote kwa wakati mmoja. Michezo kwenye mashine isiyo na kadi ya picha ya peke yake huonyesha faida hiyo upesi.

Kuhusu kasi iliyoandikwa kwenye lebo, nisingepoteza usingizi. DDR4 ya 3200 yenye CL16 (CL ni idadi ya mapigo ya kusubiri kabla ya jibu) huanza kujibu baada ya nanosekunde 10. DDR5 ya 6000 yenye CL36 baada ya 12. Mpya hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa safari, haiwahi kuondoka. Ukichanganya vijiti vya kasi tofauti, vyote hufuata mwendo wa kile cha polepole.

Laptopu nyembamba za siku hizi, nyingi RAM imechomelewa kwenye ubao mama, haitoki. Hilo uliza kabla ya kununua laptopu yenyewe.

Kile kijiti changu muuzaji alikataa kukirudisha. Kilikaa kwenye droo miaka mitatu mpaka nikapata mashine ya kukitia.