Kabla ya Kuuliza Mshahara, Uliza Zamu

Kila muhula unapoanza huja dukani kwangu vijana wanaofanana: bahasha ya kaki mkononi, shati limepigwa pasi, na swali moja. "Madam, kuna kazi?" Wakiona sijakataa papo hapo, wanaleta la pili: "Mnalipa ngapi?" Simlaumu anayeuliza hivyo, mwenye njaa hana miiko. Lakini kwa maoni yangu swali la mshahara lingesubiri kidogo. La kwanza ni hili: naingia saa ngapi, natoka saa ngapi, na ni nani mwenye ruhusa ya kuzibadilisha saa hizo?

Nina duka la fotokopi na M-Pesa hapa mjini Nakuru, si mbali na steji ya magari ya Njoro. Nimeajiri wanafunzi wa chuo kikuu na wa vyuo vya ufundi. Nasema haya nikiwa upande wa ndani wa kaunta, upande ambao kwa kawaida hauwashauri wanafunzi kitu. Sisi huwa tunanyamaza na kufaidika.

Wazazi wengi hupenda kusema, "Soma kwanza, pesa utazikuta." Ni maneno mazuri kwa mtoto ambaye kodi yake imelipwa. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, imekuwepo tangu 1995, na tangu 1995 wanafunzi wamejua kungoja. Mkopo unaingia ukitaka kuingia, na mwenye nyumba wa Njokerio, wanakopanga wanafunzi, hangoji. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 nao ukaziachia familia sehemu yao ya karo kulingana na uwezo wao kwenye makaratasi, na mkulima wa viazi wa Molo au Kuresoi hana mshahara wa tarehe 30. Ana msimu, na msimu ukiwa mbaya ana madeni. Kumwambia mtoto wake asifanye kazi hata ya wikendi ni kumwambia asome kwa njaa. Kwa hiyo kama afanye kazi au asifanye, hilo mimi sina muda nalo. Atafanya. Tuzungumzie ni kazi ya namna gani.

Watu hupenda kuhesabu saa. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa kigeni anayesomea shahada huruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na nadhani si kiwango kibaya cha kujipimia hata huku kwetu ambako utajihesabia mwenyewe. Mwenye masomo 7 ya saa tatu tatu tayari ana saa 21 darasani kabla hajafungua daftari usiku. Lakini nimeona wanaofanya saa 20 wakafaulu vizuri, na wanaofanya saa 12 wakaharibikiwa kabisa. Tofauti ni kwamba wa kwanza walijua saa zao ni zipi. Wa pili walikuwa wanangoja simu.

Nikuonyeshe kazi ya M-Pesa inavyokwenda, maana ndiyo wengi huanza nayo. Tuseme mtaji wa kibanda ni shilingi 60,000. Sehemu ni floti, yaani pesa za M-Pesa zilizo ndani ya simu, sehemu ni keshi kwenye droo. Mteja akitoa pesa, floti inapanda na keshi inashuka. Akiweka, inakuwa kinyume. Mchana kutwa zinapanda na kushuka, ila jumla ni ile ile. Saa mbili usiku unafunga dirisha. Simu inasoma 42,350, kwa hiyo droo lazima iwe na 17,650. Unahesabu noti, unahesabu sarafu za ishirini na za kumi, unapata 17,150. Mia tano imekwenda wapi? Unafungua kitabu, unashuka mstari kwa mstari, unalinganisha na jumbe kwenye simu. Labda saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imefika barabarani, ulimpa mtu noti ya elfu badala ya mia tano. Usipoipata, hiyo ni shoti, yaani upungufu wa hesabu, na shoti ni yako.

Mlikubaliana kazi inaisha saa mbili. Kumbe imeisha saa tatu kasoro. Stejini kumebaki gari moja lisiloondoka mpaka lijae, na kondakta ameshapandisha nauli kwa sababu ni usiku na kunanyesha. Unafika Njokerio saa nne na nusu, hujapika, na kesho una kipindi cha saa moja asubuhi. Muda huo wote haumo kwenye mshahara, na hakuna aliyeutaja siku ulipoajiriwa. Ndiyo maana nasema usiulize tu duka linafungwa saa ngapi. Uliza nani anafunga hesabu. Kama kuna zamu ya asubuhi inayokabidhi droo kwa mwingine saa saba mchana, iombe hiyo, hata ikipungua shilingi mia. Mia yenyewe nauli ya usiku ingeila.

Na kwa kuwa tumetaja shoti: wengi hudhani mwajiri anaweza kukata anavyotaka. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukatwa pesa zilizopotea kwa uzembe au wizi wa mtu ambaye mkataba wake umemkabidhi kupokea na kutunza pesa, lakini makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Sheria hiyo hiyo inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Kibarua kwa maana ya sheria ni yule anayelipwa kila siku jioni na ambaye hakuandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ukishafanya kazi mfululizo mwezi mzima, kuna haki nyingine zinaanza kukufuata, hata kama bosi anaendelea kukuita kibarua. Sikutarajii uje kunipeleka mahakamani kwa sababu ya mia tano. Nataka tu ujue kwamba unapoomba siku ya kupumzika huombi sadaka.

Sasa turudi chuoni. Vyuo vingi hudai mahudhurio ya asilimia 75 hivi ndipo ukubaliwe kufanya mtihani. Muhula ukiwa na wiki 14 na somo likiwa na kipindi kimoja kwa wiki, ukikosa vipindi 3 bado uko salama. Ukikosa 4 umebaki na 10, ambayo ni asilimia 71. Yaani zamu moja ya Jumanne unayokubali "wiki hii tu", ikirudi mara nne, imekula somo zima. Ukiipiga hesabu hiyo siku ya kwanza, utajua Jumanne haiuzwi.

Najua jibu la makomredi, yaani wanafunzi wa chuo kikuu: "Kuna mtu atanisainia." Najua kwa sababu simu hiyo hupigwa mbele yangu, kijana ameinamia mashine ya fotokopi ananong'ona, "Nisainie, niko job." Haya, umesainiwa. Karatasi inasema ulikuwepo. Lakini CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, iliyotangazwa saa mbili asubuhi kwenye kundi la WhatsApp na kufanywa saa nne, nani atakufanyia? Chukua mfano wa kawaida: CAT mbili za alama 15 kila moja, mtihani wa 70, na alama ya kupita ni 40. Mtu anayepata 9 katika kila CAT anaingia chumba cha mtihani akihitaji 22 tu. Aliyekosa moja anahitaji 31 katika karatasi ile ile, na ndiye huyo huyo aliyelala saa saba usiku. Na kwa wenzetu wa vyuo vya ufundi ni vibaya zaidi, maana huwezi kusainiwa kuchomelea chuma. Kitu unakijua mkononi au hukijui.

Mbona basi waajiri tunawapenda wanafunzi? Niseme ukweli hata kama wenzangu watanuna. Mwanafunzi anajua kompyuta, ana lugha ya kuongea na mteja yeyote, hana watoto wa kulisha, na hatakaa miaka mingi aanze kudai nyongeza. Juu ya hayo yote, anaogopa kusema hapana. Bosi anayekwambia "tutakuwa tunakupigia" anajua anachofanya: amepata mtu wa kuziba kila pengo bila kumlipa siku ambazo hakuna pengo. Wewe kwa upande wako huwezi kupanga kusoma, huwezi kupanga kulala, hata kanisani unakwenda simu ikiwa mkononi. Kazi ya namna hiyo, hata ikilipa vizuri, mimi ningemshauri mdogo wangu aiache.

Nilimpata binti mmoja wa mwaka wa pili aliyekuja na ratiba yake ya masomo, ameipaka rangi ya njano na ya waridi. Akaiweka kwenye kaunta akaniambia, "Madam, Jumatano na Alhamisi usinihesabu kabisa. Siku zingine tuongee." Nilikasirika kidogo, nikaona mtoto huyu ana maringo. Nikamwajiri hata hivyo, na sijapata mwingine aliyenisumbua kidogo kama yeye. Mtu akinieleza mapema siku ambazo hayupo, napanga. Anayesema "niko sawa siku zote" ndiye hunipigia saa kumi na mbili asubuhi kwamba ana CAT, na duka linabaki limefungwa mwisho wa mwezi, siku ambayo watu wote wa Nakuru wanataka kutoa pesa.

Tatizo ni kwamba ratiba yenyewe mara nyingi haipo. Hapa lawama ni za vyuo vyetu, na sisikii wakilaumiwa vya kutosha. Muhula umefunguliwa, wiki ya kwanza inaisha, ratiba bado ni ya muda. Wiki ya tatu kipindi cha Jumatatu asubuhi kinahamishiwa Ijumaa jioni kwa sababu mhadhiri ana darasa mahali pengine au chumba kimegongana. Halafu chuo hicho hicho kinasimama na asilimia zake za mahudhurio kama kwamba mwanafunzi ndiye asiyejipanga. Mwajiri yeyote akibadilisha zamu hivyo tungemwita mkorofi. Ratiba ikitoka wiki mbili kabla ya kufungua na ikae palepale, nusu ya ugomvi kati ya kazi na darasa ungekwisha bila mtu kutoa shilingi.

Kwa sasa, wewe usikubali siku za katikati ya wiki mpaka wiki ya nne ipite. Anza na Jumamosi na Jumapili. Mji huu una kazi nyingi za wikendi: supamaketi, hoteli, maduka ya simu, watu wa kuandaa harusi, vituo vya mafuta kando ya barabara kuu ya kwenda Eldoret. Za vituo vya mafuta ziangalie vizuri, kwa sababu gari likitoroka bila kulipa, kuna mahali wewe ndiye unalipa. Maduka ya kamari sitayasema sana, isipokuwa kwamba ni vigumu kushinda mchana kutwa mbele ya zile skrini na mshahara wako ubaki mfukoni.

Kuna pia kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu zao kupitia mtandao. Inalipa, na haihitaji nauli, hilo najua. Lakini inafanywa usiku kucha, ina tarehe za mwisho za watu usiowajua, na inatumia akili ile ile uliyokuwa uitumie kwa kazi zako. Na bila kuzungushana, ni udanganyifu. Nimewaona vijana walioandika shahada mbili tatu za Wazungu huku yao haijaisha.

Jambo la mwisho, na hili lizungumze siku ile ile ya kuajiriwa: wiki za mitihani. Usingoje mpaka zifike. Mwambie bosi mitihani yenu ni mwezi gani, kisha jioni mtumie ujumbe kwenye simu kukumbusha mliyokubaliana, kwa heshima, "Madam, asante kwa leo. Kama tulivyoongea, wiki mbili za mitihani sitakuwepo." Ujumbe wa namna hiyo hukaa. Mimi nikiupata hunipa muda wa kutafuta wa kushika zamu, na si kazi ngumu, kwa sababu vyuo vya hapa havifanyi mitihani wiki moja. Mara nyingi anayeshika ni mwanafunzi wa chuo kingine aliyemaliza yake juzi, na wa kwanza akirudi wanakaa pamoja kwenye benchi nusu saa wakihesabiana droo kabla ya kukabidhiana.