Usiishone rekodi ya nyumbani

Juzi nimefuta faili niliyoihangaikia wiki mbili. Ilikuwa Sarabande, kipande cha dansi ya polepole, kutoka Suiti ya Tano (suiti ni mfululizo wa vipande vya dansi) ya mtunzi Bach kwa chelo, lile fidla kubwa la kupigwa ukiwa umekaa, peke yake, na haikuwa na kosa hata moja, kwa sababu nilikuwa nimeishona kwa vipande vya rekodi nne tofauti.

Wanaoijua Sarabande hiyo wanajua inavyomwacha mpigaji uchi. Ni nota moja moja tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakuna mahali nyuzi mbili zinapolia pamoja. Kila nota inaegemea iliyoitangulia. Mimi nilichukua nusu ya kwanza kutoka rekodi ya pili, nikaibandikia mwanzo wa nusu ya pili kutoka rekodi ya nne. Nota zilikuwa sahihi na mwendo ulilingana. Lakini pale kwenye mshono, mwangwi wa nota ndefu ulikatika kabla haujafa wenyewe, na mkono ulioendelea kuvuta upinde haukuwa na uzito wa mkono ulioanza. Nilivaa hedifoni nikasikiliza mara ishirini. Kila nikifika pale nilijikuta nimebana pumzi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayejirekodi peke yake nyumbani apige kipande chote, arudie kadiri anavyotaka, achague rekodi moja nzima, na asiikate.

Najua jibu nitakalopewa, nalo lina mtu mzito nyuma yake. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, aliacha kupiga mbele ya hadhira mwaka 1964, akiwa na miaka 31, akahamia studio moja kwa moja. Alitetea kukata na kuunganisha kama kazi halali ya msanii, na rekodi zake zinampa haki ya kusema hivyo. Simbishii. Ila sikilizeni rekodi hizo hizo: sauti yake inasikika akiimba chini chini huku anapiga, na sisi tunaompenda tunaingoja sauti ile.

Tofauti iko kwenye saa. Studio ina fundi anayelipwa, ukumbi umekodiwa hadi jioni, na kesho anaingia mwingine. Mkasi ukaokoa muda. Kabla utepe wa sumaku wa kurekodia, unaoweza kukatwa na kuunganishwa, haujaenea studioni mwishoni mwa miaka ya 1940, hata njia hiyo haikuwepo. Mpiga chelo Pablo Casals alipozirekodi suiti zote sita za Bach kwa chelo kati ya 1936 na 1939, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne hivi tu, na ukikosea unauanza upya. Nyumbani hakuna anayekufukuza. Kesho ipo, na keshokutwa ipo. Sasa mkasi unaokoa nini?

Tatizo halisi la nyumbani ni chumba, na hapo ndipo ningependa watu waweke nguvu wanazomalizia kwenye programu za kuhariri. Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka, jua kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Rafu ya vitabu isiyopangwa kwa unadhifu huuvunja mlio huo vizuri, na godoro lililoegemezwa ukutani husaidia pia. Sauti nene za chelo zina ukaidi wake: nota moja inavuma kuliko zote, ya jirani yake inamezwa, kisha ukisogeza kiti hatua moja mambo yanabadilika. Nilihamisha kiti changu mara sita kabla ya kutulia karibu na pembe moja, mgongo ukielekea pazia zito. Maikrofoni niliiweka karibu mita moja na nusu mbele yangu. Ikisogea karibu zaidi, unasikia mkwaruzo wa upinde kuliko wimbo. Ikienda mbali, kuta ndizo zinazopiga chelo. Zima feni. Zima friji pia, halafu weka ufunguo wa gari juu yake, usije ukasahau kuiwasha.

Na anayetumia simu atafute mahali pa kuzima urekebishaji wa sauti wa kujiendesha. Simu imeundwa kwa mazungumzo: ukipiga kwa sauti ndogo inakupandisha, ukipiga kwa nguvu inakushusha, na kazi yote ya mkono wa kulia, unaovuta upinde, inalazwa kama nguo iliyopigwa pasi. Nimesikia vijana wenye vipaji wakihukumiwa kwamba hawana hisia, kumbe simu ndiyo iliyozila.

Mashindano mengi yanayopokea video hudai video isiyokatwa, na mwanafunzi aliyezoea kushona huteseka sana hapo. Kupiga kipande chote kunamjenga mtu kwa namna ambayo vipande havimjengi: unajifunza kukosea nota kisha ukaendelea, bila kosa hilo kukuharibia mstari unaofuata.

Baada ya kufuta, nilirudi kitini usiku, nyumba ikiwa kimya. Nikapiga Sarabande yote mara tatu, basi. Ya kwanza ilikuwa na haraka. Ya pili ilikuwa nzuri lakini ya mtu anayejilinda. Ya tatu ndiyo niliyoihifadhi. Kwenye mstari wa mwisho kiti kinalia, kidogo tu, niliposogea mbele kuifikia nota ya chini kabisa, kisha inasikika pumzi yangu ikitoka. Nimeacha sekunde sita nyingine za ukimya mbele yake, mpaka uzi uliponyamaza wenyewe.