Nyingi, na hajalipwa

Swali lilikuwa la fizikia, kidato cha pili, mtihani wa muhula. Kuli amebeba gunia la kilo 100 mgongoni, amesimama palepale dakika kumi akisubiri lori lisogee. Je, amefanya kazi kiasi gani juu ya lile gunia? Mwanafunzi wangu mmoja akaandika, kwa Kiingereza cha kuungaunga, jibu ambalo kwa Kiswahili ni hili: "Nyingi, na hajalipwa."

Nilicheka peke yangu kwanza, kisha nikaibeba ile karatasi hadi chumba cha walimu tukacheka pamoja. Mmoja akaipiga picha. Siku chache baadaye picha ikanirudia kutoka kundi la WhatsApp la ukoo wetu, imeandikwa juu yake: "Ndio wahandisi wetu wa kesho hawa." Mwandiko uleule, na wino mwekundu ni wangu. Jina lilikuwa limekatwa, lakini darasa lenye watoto zaidi ya sitini liliujua mwandiko ule kuliko nilivyoujua mimi.

Toka hapo nimekuwa mtu wa kuharibu raha za watu. Picha ya namna hiyo ikinifikia nasoma swali kwanza, jibu baadaye, na mara nyingi nakuta kichekesho kimekaa kwenye swali.

Wanaocheka wana hoja zao, na si za kupuuza. Mwalimu anayesahihisha karatasi mia mbili usiku kwa mwanga wa simu, baada ya kufundisha vipindi sita, anahitaji kitu cha kumfanya asilale juu ya meza. Katika usahihishaji wa pamoja unaweza kupewa swali moja tu, ukalisoma jibu lilelile kwa siku kadhaa mpaka likuote ndotoni. Akitokea mtoto aliyeandika kitu kingine, hata kama ni upuuzi, unamshukuru. Isitoshe wapo watahiniwa wanaofanya utani kwa makusudi: hajasoma, anajua hajasoma, basi anaaga kwa mbwembwe. Huyo kacheka kabla yetu, na sioni kwa nini tumwonee huruma asiyoiomba.

Hoja yao nzito zaidi ni kwamba sayansi haina "karibu sawa". Miligramu si gramu. Muuguzi atakayechanganya hizo mbili hatasamehewa kwa kuwa alikuwa na mawazo mazuri. Ukianza kumsifu mtoto kwa jibu la kuchekesha, wanasema, umemfundisha kwamba maneno matamu yanaziba pengo la maarifa, na nchi hii ina watu wengi tayari wanaoishi kwa imani hiyo. Hapo wamenigusa.

Kuna pia majibu ambayo hayakuandikwa na mtoto yeyote. Lile la kwa nini tunaona mwanga wa radi kabla ya kusikia ngurumo, "kwa sababu macho yako mbele na masikio yako nyuma", nalisikia tangu nikiwa mwanafunzi, kila mara likiwa la mtoto wa shule fulani ya jirani. Mtoto huyo hazeeki. Hayo ni vichekesho vya watu wazima vilivyovalishwa sare ya shule, tuyaache.

Yanayobaki ni majibu ya kweli, yaliyoandikwa na mtoto aliyekuwa anajaribu. Mrudie kijana wa kuli. Katika fizikia kazi hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali ambao kitu kimesogea kuifuata kani hiyo. Gunia halikusogea, kwa hiyo kazi juu yake ni sifuri. Sasa nenda Kariakoo, mtafute aliyebeba lumbesa dakika kumi, umwambie hajafanya kazi, uone atakavyokujibu. Na hana makosa. Misuli yake haikutulia hata nukta moja: nyuzi zake zinajikaza na kulegea mfululizo, zinakula nguvu ya ugali wa asubuhi na kuigeuza joto. Ungeuliza kipindi cha baiolojia nini kinaendelea ndani ya mwili wa yule kuli, "kazi nyingi" lingekuwa jibu linalokaribia vema. Mtoto alijibu kuhusu mtu, sisi tuliuliza kuhusu gunia. Tofauti hiyo hakuna aliyemweleza, nami nikiwemo. Nilikuwa nimeandika kanuni ubaoni, nikafanya mifano mitatu ya kitoroli kinachosukumwa, nikaendelea na mada.

Lugha nayo ina sehemu yake, na hapa Tanzania sehemu hiyo ni kubwa. Mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, halafu anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka Kiingereza. Nimewahi kuuliza kwenye jaribio la wiki za mwanzo: "What is matter?" Binti mmoja akaandika: "I have stomach." Wenzangu walipoliona wakashika mbavu. Lakini fuata njia aliyopita. Darasani alikotoka alikariri kwamba mtu akikuuliza "What is the matter?" unamweleza unaumwa nini. Kilichotofautisha maswali hayo mawili ni kineno kimoja cha herufi tatu, na kineno chenyewe hakina mwenzake katika Kiswahili. Kwa sikio la mtoto wa kwetu kile ni kishindo tu, hakibebi kitu. Nilipomwita pembeni nikamuuliza maada ni nini, alijibu bila kupepesa: kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Alikuwa nalo jibu tangu shule ya msingi. Kwenye daftari langu la alama alikuwa na sifuri ya sayansi kwa kosa la Kiingereza.

Kwa hiyo anayesema "watoto wa siku hizi hawajui chochote" anaweza kuwa anasoma picha kinyume. Tuliwahi kufanya hivyo kitaifa. Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, takribani asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri, yaani wamefeli. Zikasambaa habari za watahiniwa walioandika mistari ya Bongo Fleva, waliochora katuni, wengine matusi. Vijiweni na redioni nilikopita mimi, watu waliking'ang'ania hicho. Waliotajwa kuandika mambo hayo walikuwa wachache mno ukilinganisha na vijana zaidi ya laki mbili waliopata sifuri, ambao wengi wao walijaribu kujibu kama walivyojua. Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo na kuyapanga upya. Mistari ya nyimbo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu.

Lakini kinachoninyima usingizi hasa ni karatasi tupu.

Yule kijana wa kuli, kabla ya picha ile kuzunguka, hakuwahi kuacha swali. Alijaza kila mstari wa nukta, wakati mwingine ujinga mtupu, wakati mwingine kitu cha kukufanya uweke kalamu chini. Mtihani uliofuata alirudisha karatasi yenye maswali manne wazi. Sikuelewa mara moja. Nilidhani amechoka, au ameanza kutoroka vipindi. Nilipokaa naye akaniambia, anaangalia viatu vyake: "Mwalimu, kama sina hakika si bora nisiandike?" Alikuwa amepiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Jibu baya lina sifuri na kicheko. Karatasi tupu ina sifuri peke yake.

Sasa niweke mimi, mwalimu, mbele ya karatasi hizo mbili. Katika "Nyingi, na hajalipwa" nasoma mambo mengi. Najua ameelewa Kiingereza cha swali, mpaka yule mbebaji na lori lake. Najua anaipima kazi kwa jasho na kwa muda. Najua hajatenganisha nguvu ya mwili na kazi inayofanyika juu ya kitu. Najua hata kwamba ana jicho la haki. Kesho naweza kuingia darasani na kuanzia palepale alipokwama. Kwenye nafasi tupu sisomi lolote. Hakujua? Alijua akakosa neno la Kiingereza? Muda ulimwishia? Alikuwa na njaa? Aliona haya? Karatasi hainijibu, na mimi nitafundisha tena mada nzima kwa kubahatisha, au nitaiacha. Ukichukua darasa ambalo kila mtoto amefanya hesabu ile ile, unabaki na mwalimu anayefundisha watoto sitini ambao hajui hata mmoja wao anafikiri nini. Walioelewa watafaulu hata hivyo. Yule aliyekuwa nusu ya njia, ambaye kosa lake lingetuonyesha njia ya kumfikia, ndiye tunayempoteza, na tunampoteza kimya kimya. Hakuna kundi la WhatsApp linalosambaza picha ya karatasi tupu.

Maswali ya kuchagua nayo yanatufikisha hukohuko kwa njia ya adabu zaidi. Tangu mwaka 2012 majibu ya darasa la saba yalipoanza kusomwa na kompyuta, mtoto hushika penseli na kusiliba herufi. Kuna faida: ni haraka, ni nafuu, mashine haina upendeleo wala haichoki. Ila herufi C haichekeshi, na haielezi mtoto alifikaje hapo. Aliyekosea kwa kufikiri na aliyekosea kwa kubahatisha wanafanana kama pacha.

Baraza la Mitihani lenyewe linajua thamani ya jibu baya. Hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na ndani yake wanaweka nakala za skripti halisi, nzuri na mbovu, kwa mwandiko wa mtahiniwa. Mle hakuna anayecheka. Jibu ambalo mtaani lingekuwa kichekesho cha wiki limewekwa kama daktari anavyoweka picha ya mfupa uliovunjika. Sisemi taarifa hizo hazina kasoro. Sababu zake hujirudia mpaka unazikariri: hawakuelewa matakwa ya swali, Kiingereza chao ni hafifu, hawana maarifa ya kutosha. Hiyo ya mwisho ni sawa na kusema marehemu alikufa kwa kukosa uhai. Lakini nakala za majibu zipo pale, na mwalimu mwenye subira anajifunza mengi kwenye nakala kuliko kwenye maelezo yaliyo chini yake.

Halafu kuna Erasto Mpemba, ambaye siwezi kumkwepa. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kawaida walichemsha maziwa na sukari, wakaacha yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa inagombewa, akaingiza yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia baridi. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa. Alipouliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, kwa simulizi yake mwenyewe mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya wimbo wa kumtania. Alipokuja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Mpemba akasimama tena: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kwa nini ya moto yanaganda kwanza? Osborne alirudi Dar, akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli ya moto yaliganda kwanza, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala ya pamoja.

Watu wakiisimulia habari hii hupenda kuishia hapo, kijana kashinda. Mambo hayako hivyo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba jambo lenyewe lipo. Wengine hawakubaliani nao. Yaani huenda wale waliocheka hawakukosea sana kuhusu maji! Lakini hebu fikiria lingekuwa swali la mtihani: kipi kitaganda mapema, maji ya moto au ya baridi? Mpemba angeandika alichokiona kwa macho yake, angepigwa mkasi mwekundu, na leo jibu lake lingekuwa linazunguka na vikaragosi vya machozi ya kicheko. Na fundi wa maabara, aliyekuwa na jibu mkononi akalikataa kwa sababu halikufanana na mwongozo, angepata alama zote.

Sidai kijana wa kuli apewe vema. Jibu sahihi lilikuwa sifuri na alama nilizompa zilikuwa sifuri, na leo nikisahihisha tena nitampa zilezile. Alama ni jambo moja, kicheko cha kusambaza ni jingine. Kucheka chumbani mwa walimu sitaacha, mimi si malaika. Kilichobadilika ni kwamba simu inabaki mfukoni, na majibu ya namna ile nayanakili kwenye daftari langu nyuma, bila jina, pamoja na swali lililoyazaa. Maswali matano nimeyaandika upya kwa sababu ya daftari hilo. Yale ya mwanzo yalikuwa mabaya kweli.

Siku niliyozungumza naye kuhusu zile nafasi wazi, nilimweleza kwa nini kuli ana sifuri. Nikamchorea gunia, mshale wa kani, umbali ambao haupo. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, kisha akauliza: "Sawa, mwalimu. Hajafanya kazi. Sasa lile jasho limetoka wapi?"

Kipindi kilichofuata nilikuwa nimeandaa mada ya msuguano. Hatukuigusa.