Siku ya Kuwasha Tovuti Isiwe Siku ya Kuitangaza

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya wananchi kujinunulia bima ya afya. Siku hiyo ya kwanza waliofanikiwa kukamilisha usajili walikuwa sita. Kisa hiki kimesimuliwa mno, na karibu kila anayekisimulia huishia pale pale: wangeahirisha. Wanaoshikilia tarehe nao wana jibu lao tayari, kwamba anayeahirisha mara moja ataahirisha mara kumi. Hapo mjadala hukwama, kambi moja ikiitwa ya waoga, nyingine ya vichwa ngumu.

Tarehe peke yake haikuwa tatizo. Siku ambayo mfumo ulikutana na watu halisi kwa mara ya kwanza ndiyo siku ambayo taifa zima lilialikwa. Maofisa walitarajia watu 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja, wakaja 250,000. Kila mgeni alilazimika kufungua akaunti kwanza, hata yule aliyetaka kuchungulia bei tu, kwa hiyo wote wakabanana mlango mmoja. Umati ulipopungua, zikajitokeza kasoro ambazo hazikuhitaji umati hata kidogo: kampuni za bima zilikuwa zikipokea taarifa za wateja zenye mapengo, au zilizojirudia. Kasoro ya aina hiyo hufichuliwa na watu mia mbili wa kawaida wanaojaza fomu kwa shida zao wenyewe.

Njia ya kuwapata hao mia mbili ipo, nayo ni uzinduzi wa kimya. Tovuti mpya inakalia anwani ya zamani bila tangazo, bila barua pepe kwa wateja, wiki mbili au tatu kabla ya siku ya sherehe. Wenye tovuti wengi wakiletewa wazo hili huona ni hila ya fundi anayetaka aongezewe muda. Ukweli ni kwamba fundi ndiye anayepunguziwa: kama tangazo ni tarehe 20, kazi yake lazima iwe imekamilika tarehe 6.

Wanaopinga hawakosi hoja, na baadhi ni nzito. Kinachochelewesha miradi ya tovuti mara nyingi ni maandishi na picha kuliko programu, na hakuna kinachowatoa watu maandishi mikononi kama siku iliyokwisha kutangazwa. Ukiwaambia kuna kipindi cha kimya, idara nzima itakielewa kuwa ni muda wa ziada wa kuandika ukurasa wake. Halafu kuna mabadiliko yasiyogawanyika: taasisi mbili zinapoungana, au jina na nembo vinapobadilika, huwezi kuonyesha sura mpya kimyakimya wakati barua na mabango bado vina ya zamani. Na kipindi cha majaribio kisipowekewa mwisho huota mizizi. Hoja hizo zina majibu, ila hazistahili kudharauliwa. Idara inayochelewa idaiwe maandishi kwa tarehe ya kuwasha, na ukurasa usiokamilika usiingie kabisa. Jina jipya likibidi lingoje, mfumo mpya unaweza kuwashwa ukiwa umevaa nembo ya zamani, na siku ya tangazo ikabadilishwa nembo tu.

Uingereza ilifanya kazi kubwa zaidi ya hiyo hatua kwa hatua. GOV.UK, tovuti kuu ya serikali yake, ilionyeshwa kama jaribio mwaka 2011, ikafunguliwa kwa umma ikiwa bado ya majaribio mwisho wa Januari 2012, na tarehe 17 Oktoba 2012 ikachukua rasmi nafasi ya Directgov na Business Link, tovuti za serikali za wananchi na za wafanyabiashara. Kwa miezi zaidi ya minane watu waliitumia huku za zamani zikiendelea kufanya kazi, na anwani za kurasa za zamani zilitengewa kazi maalumu ya kuzielekeza kwenye mpya.

Kazi hiyo ya anwani ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayonifanya niegemee upande wa kimya.

Tovuti ya miaka kadhaa ina anwani nyingi kuliko mwenyewe anavyojua. Menyu inaonyesha kurasa 60, lakini nje huko kuna viungo vya faili za PDF, kurasa za kampeni zilizosahaulika, picha zilizonukuliwa na tovuti nyingine. Orodha kamili huokotwa sehemu kadhaa: ramani ya tovuti, logi za seva (kumbukumbu za kila ombi lililoifikia kompyuta inayotoa tovuti) za miezi mitatu au zaidi, ripoti ya kurasa zinazotembelewa, na orodha ya viungo kutoka nje. Unganisha zote katika jedwali moja, ondoa zinazojirudia, kisha kila mstari upewe hatima yake. Ukurasa ambao maudhui yake yamehama unaelekezwa kwa 301, jibu la seva linalosema umehama kwa kudumu, mpaka penye maudhui yale yale. Uliokufa bila mrithi unajibiwa 410, yaani umeondolewa kabisa. Njia ya mkato ya kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo haisaidii: msomaji aliyetafuta mwongozo fulani anatupwa sebuleni, na Google huhesabu uelekezaji wa namna hiyo kama ukurasa usiokuwepo.

Hata jedwali likiwa safi, mambo huharibika. Anwani ya zamani ilikuwa na herufi kubwa, seva mpya haizitambui. Mkwaju wa mwisho (alama ya /) upo huku, kule haupo. Uelekezaji unapangana: kutoka http kwenda https (njia iliyosimbwa kwa usalama), kisha kwenda www, kisha kwenye anwani mpya, safari tatu pale ilipotakiwa moja. Na sehemu ya anwani inayofuata alama ya # haifiki kwenye seva kabisa, kwa hiyo tovuti ya zamani iliyojengwa kwa mtindo huo haiwezi kuelekezwa upande wa seva. Programu ndogo ya kuisoma lazima ikae ndani ya ukurasa wenyewe. Ubaya wa 301 ni kwamba vivinjari huikumbuka. Ukikosea, waliokwisha kupita wanabeba kosa hilo kwenye vifaa vyao na huna namna ya kuwafuata. Kwa hiyo katika siku za mwanzo tumia 302 (uelekezaji wa muda), soma logi kila asubuhi, panga makosa ya 404 (ukurasa haukupatikana) kwa wingi wake, rekebisha, na jedwali likitulia ndipo ugeuze kuwa 301, uiache kwa mwaka mmoja au zaidi.

Sasa weka kazi hiyo ndani ya uzinduzi wa kishindo, yaani kuwasha na kutangaza siku moja. Kampeni inaanza siku ile ile. Grafu ya wageni inapanda, kila mtu kwenye kikao anapiga makofi. Chini ya grafu hiyo wageni wanaotoka kwenye injini za utafutaji wanapungua kwa sababu anwani zao zimekatika, lakini jumla haionyeshi, maana wageni wa tangazo wamejaza pengo. Wiki sita baadaye bajeti ya matangazo inaisha, grafu inaanguka chini ya ilipokuwa kabla ya mradi, na wakati huo timu imeshatawanyika, mkataba umefungwa, na logi za wiki ya kwanza huenda zimefutwa. Atalaumiwa mbunifu, italaumiwa rangi ya kitufe. Katika uzinduzi wa kimya hakuna kelele ya kuficha kitu: idadi ikishuka Jumatano, imeshuka kwa sababu ya tulichofanya Jumanne, na bado tuna siku kadhaa kabla mtu wa nje hajaambiwa aje kutazama.

Mengine ni ya fundi lakini yana tabia ile ile ya kujitokeza baada ya kuwasha tu. Rekodi ya DNS (mfumo unaotafsiri jina la tovuti kuwa namba ya seva) yenye muda wa sekunde 86,400 inaruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu za watoa huduma ya intaneti siku nzima, hivyo muda huo ushushwe hadi 300 saa 24 au zaidi kabla ya kuhama. Ukiushusha saa moja kabla, wengi bado wanashikilia jibu la jana. Anayehama seva ya tovuti peke yake abadilishe rekodi ya A, inayoonyesha namba ya seva (na AAAA, ya namba za aina mpya, ikiwepo), basi. Anayehamisha seva za majina, zinazotunza rekodi hizo zote, hana budi kubeba rekodi za MX (zinazoelekeza barua pepe) na TXT (za uthibitisho) zote, la sivyo tovuti itapendeza na barua pepe za ofisi nzima zitapotea. Halafu kuna ile amri ya noindex (usiuonyeshe ukurasa huu kwenye utafutaji) iliyowekwa kwenye tovuti ya majaribio, au robots.txt, faili la maagizo kwa injini za utafutaji, yenye `Disallow: /` inayozizuia zisiingie kabisa, ambayo hunakiliwa pamoja na kila kitu na kuingia hewani. Kuna fomu ya mawasiliano inayotuma ujumbe kwa mtengenezaji, malipo yaliyobaki kwenye funguo za majaribio zisizokata pesa halisi, na kazi zinazojiendesha kwa ratiba zikiendelea kwenye seva mbili hadi mteja akapata ankara mara mbili.

Hapa upande wa pili unarudi na hoja yake nzuri kuliko zote: ukimya haupimi umati. Ni kweli. Wiki mbili za wageni wa kawaida hazikuambii lolote kuhusu saa ya kwanza ya tangazo, na anayedhani zinamwambia atarudia aibu ya 2013 kwa ukubwa wake mwenyewe. Jaribio la mzigo, la kuigiza umati kwa programu, linabaki palepale, tena lifanywe kwenye njia ngumu: kuingia, kutafuta, kulipa. Wengi hupima ukurasa wa mwanzo, ambao hutolewa kwenye nakala iliyokwisha kuandaliwa na haugusi hifadhidata, wakafurahia namba zisizo na maana. Tofauti ni kwamba baada ya wiki mbili za watu halisi unajua njia ngumu ni ipi na watu huipita kwa uwiano gani; kabla ya hapo unakisia.

Suala la kurudi nyuma ndilo ninaloona linaamua. Kila mpango wa uzinduzi una mstari unaosema tutarudisha tovuti ya zamani ikishindikana. Mstari huo una muda wa kuisha: tovuti mpya ikishapokea maagizo au usajili kwenye hifadhidata yake, kurudi kunamaanisha kuyahamisha kwa mkono au kuyapoteza. Ndiyo sababu ya kuwasha Jumanne asubuhi wageni wakiwa wachache, kuifungia ya zamani isipokee maandishi mapya wakati wa kuhama, na kuandika mapema nani anaamua na kwa kipimo gani, kwa mfano malipo yakikwama zaidi ya moja kati ya 20 ndani ya saa mbili. Katika uzinduzi wa kishindo kipimo hicho kinaweza kuandikwa vizuri vile vile, lakini saa nne asubuhi, mkurugenzi akiwa jukwaani na waandishi wa habari mbele yake, hakuna msimamizi wa mradi atakayekitumia. Katika uzinduzi wa kimya anarudisha rekodi moja, anasubiri dakika tano ambazo ndizo sekunde 300 alizoziweka jana, anahamisha maagizo tisa kwa mkono, na Alhamisi anajaribu tena.