Kimya si Dhambi, ila Uliza Masharti

Ukitaja meditesheni katika ushirika wa nyumbani hapa Nairobi, hutakosa mtu wa kufungua Mathayo 12. Pepo mchafu anarudi, anaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, anaingia na wenzake saba. Basi, wanasema, ukituliza akili umemfungulia mlango. Nimeisikia hoja hii mara nyingi na bado hainiingii. Nyumba ile haikuwa na mwenyewe. Aliyeketi kimya mbele za Mungu wake anaye.

Mimi siulizi mtu ameketi vipi wala anapumuaje. Nauliza: katika kimya hicho anamwelekea nani, na mwalimu wake anamtaka aache nini mlangoni?

Wengi hudhani mambo haya yote yametoka India. Lakini Yoshua aliagizwa ayatafakari maneno ya torati mchana na usiku, na katika karne ya 4 watawa wa jangwa la Misri, Waafrika wenzetu, walikuwa wamebobea katika kutafakari. Yohane Kasiano, aliyeishi nao, ameandika kuhusu desturi ya kurudia mstari mmoja tu wa Zaburi ya 70: “Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima.” Mtu alale nao, aamke nao, afanye kazi nao. Sala ya Yesu ya Waorthodoksi imetoka katika mapokeo hayohayo: “Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi.” Hiyo unaweza kuisali ndani ya matatu ya Rongai iliyokwama Lang'ata Road, muziki ukikupasua masikio.

Je, kurudia-rudia huko si kupayuka-payuka kama watu wa Mataifa? Soma Gethsemane: Bwana mwenyewe aliomba mara ya tatu, “akisema maneno yale yale.” Na sisi tunaokesha Ijumaa tukirudia kibwagizo kimoja mpaka sauti zikauke, tutamlaumu mtawa kwa lipi?

Asiyependa kurudia maneno asome polepole. Guigo wa Pili, mtawa Mkartusi wa karne ya 12, aliipanga njia hiyo kama ngazi: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia tu katika Mungu. Mistari mitatu inatosha kwa asubuhi nzima. Mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka, naukubali, lakini ndio umetufundisha kuipitia kama gazeti.

Sasa zile za kutoka kwingine. Zoezi la kutulia na kufuata pumzi, yaani “mindfulness,” linalofundishwa siku hizi kwa wafanyakazi wa ofisi za Westlands na Upper Hill, lilienezwa na Mmarekani Jon Kabat-Zinn kuanzia 1979 kwa wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts. Alilitoa kwa Wabuddha, akachukua zoezi bila dini yao. Sioni dhambi hapo, mradi usidhani umeshaomba. Hata Vatikani, katika barua ya Oktoba 1989 iliyotiwa saini na Kardinali Ratzinger, haikuzitupa njia za Mashariki zote kwa jumla. Ilionya kwamba raha inayotokana na mwili kutulia isidhaniwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Onyo hilo lingefaa pia kusomwa kwenye mikutano yetu ya uponyaji.

Ile ya Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu wa kiroho kutoka India, iitwayo Transcendental Meditation, siipitishi. Hutangazwa kama sayansi, lakini kabla ya kupewa neno lako la siri la kurudia unaletewa ibada: maua, matunda na kitambaa mbele ya picha ya guru, yaani mwalimu wa kiroho, mwalimu akiimba kwa Kisanskriti. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kuifundisha katika shule za umma za New Jersey ni kufundisha dini.

Dada mmoja wa kanisani ameniuliza kuhusu mafungo ya Vipassana, kozi ya meditesheni yenye asili ya Kibuddha, siku kumi karibu zote bila kusema. Kimya hakinitishi. Lakini kanuni zao zinamtaka mshiriki asimamishe sala na ibada zake zote mpaka kozi iishe. Wamesema wazi, nawaheshimu kwa hilo, nami nikamjibu wazi kwamba asiende. Kama ni mafungo ya kimya anayotaka, Wajesuiti wana kituo chao cha Mwangaza papa hapa Nairobi, na huko atanyamaza akiwa na Injili mkononi. Swali lake la pili lilikuwa kama mchungaji wetu atakubali aende kwa Wakatoliki. Hilo nimemwachia mchungaji.