Uzamili wa Elimu ya Kilimo: Stillwater, Morogoro au Njoro?

Msimu wa maombi ukikaribia, vijana waliomaliza shahada ya kilimo nyumbani huanza kuuliza: ule uzamili wa Marekani wa elimu ya kilimo, mawasiliano na uongozi, ukirudi nao nyumbani una manufaa? Unayo, ila si kila mkondo. Anayekusudia kurudi kwenye ugani, yaani kazi ya kuwashauri wakulima, achukue mkondo wenye tasnifu na akusanye takwimu zake nyumbani. Mikondo mingine inamfaa zaidi anayetaka kubaki huku Marekani.

Idara hizi zimejengwa juu ya mfumo wa Kimarekani. Sheria ya Morrill ya 1862 ilitoa ardhi ya kugharamia vyuo vya kilimo, ya Hatch ya 1887 ikaleta vituo vya utafiti, ya Smith-Hughes ya 1917 ikalipia masomo ya kilimo sekondari. Katikati, mwaka 1914, Smith-Lever ilianzisha ugani unaogharamiwa na serikali kuu, jimbo na kaunti kwa pamoja, chini ya chuo. Kwa hiyo huku mwalimu, mtafiti na afisa ugani ni watu wa nyumba moja. Kwetu afisa ugani ni mtumishi wa halmashauri (Kenya, wa kaunti tangu ugatuzi wa 2013), mtafiti yuko TARI au KALRO (taasisi za utafiti wa kilimo za Tanzania na Kenya), na mhadhiri yuko chuoni kwake. Masomo ya huku yanachukulia kwamba hao watatu wanaonana kila wiki.

Ukifika Oklahoma State pale Stillwater, Texas A&M au Chuo Kikuu cha Florida, utakuta elimu, mawasiliano na uongozi ndani ya idara moja au zinazokaribiana. Elimu humwandaa mwalimu wa kilimo wa sekondari: darasa, mradi wa mwanafunzi, na FFA, chama cha wanafunzi kilichoanza 1928. Mawasiliano ni uandishi, video na kampeni. Uongozi ni kuendesha vikundi, bodi na watu wa kujitolea.

Mawasiliano ndiyo yanayovutia vijana wengi, na kwa maoni yangu ndiyo magumu zaidi kusafirisha. Sehemu kubwa yake ni kumshawishi mtu wa mjini ambaye hajawahi kukanyaga zizi aelewe mkulima anafanya nini. Dar es Salaam au Nairobi, huyo wa mjini mara nyingi ana shamba kijijini na anampigia simu kaka yake kuuliza kama mvua imenyesha. Elimu nayo ina mtego wake: uzamili huo peke yake haukufanyi mwalimu Kenya, kwa sababu TSC, tume inayoajiri walimu, inataka mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundishia.

Hata nadharia unayolishwa ina kwao. Mafundisho ya jinsi wakulima wanavyopokea teknolojia mpya yanategemea sana utafiti wa mahindi chotara uliofanyika Iowa na kuchapishwa 1943. Kutoka humo baadaye yalichipuka yale makundi ya wakulima, kuanzia wabunifu (asilimia 2.5) hadi wachelewaji (asilimia 16). Iowa mbegu ilikuwepo na mkopo ulikuwepo. Mkulima wa Kilosa, mkoani Morogoro, anayeitwa mchelewaji huenda duka la pembejeo liliishiwa mbegu Novemba, au aliyoinunua mwaka jana ilikuwa feki. Mwanafunzi anayeyabeba makundi haya kama yalivyo huishia kumlaumu mkulima kwa kosa la soko.

Sasa fedha, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Usitume maombi kwanza kisha utafute ufadhili. Mwandikie profesa Septemba au Oktoba: aya tatu, swali la utafiti lililo wazi, na lugha unazoweza kuhojia wakulima. Nafasi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti kwa kawaida ni saa 20 kwa wiki. Mara nyingi inafuta karo, lakini si lazima ifute zile ada nyingine za chuo wala bima ya afya, kwa hiyo uliza kila kimoja kwa maandishi. Uliza pia kama mshahara ni wa miezi 9 au 12, kwa sababu kodi ya nyumba haiendi likizo. Viza ya mwanafunzi, F-1, hairuhusu zaidi ya saa hizo 20 za kazi chuoni wakati wa muhula, maana yake usaidizi ukishazichukua zote huwezi kuongeza kibarua cha maktaba. Na ukiona programu yote iko mtandaoni, jua haikupi F-1: katika masomo yanayokufanya uhesabiwe mwanafunzi kamili, ni somo moja tu la mtandaoni linalohesabika kila muhula. Masharti ya viza kwa nchi moja moja hubadilika ghafla, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi kabla hujalipa chochote.

Jambo dogo linaloangusha maombi ya Watanzania ni GPA, yaani wastani wa alama. Kwetu ni kati ya 5.0, huku ni kati ya 4.0. Mwenye 3.6 ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) ana daraja la pili la juu, lakini msomaji wa maombi mwenye haraka anaona 3.6 kati ya 4 na kumpandisha, kisha anafungua transkripti, anakuta alama za 55 na kumshusha chini kabisa, kwa kuwa chuo cha huku 55 ni kufeli. Weka mwongozo wa madaraja wa chuo chako ndani ya maombi, na kwenye barua yako andika wazi kwamba A inaanzia 70 na B ni 50 hadi 59.

Tasnifu ya takwimu za nyumbani ina foleni mbili za vibali. Kwanza kamati ya maadili ya chuo, ambayo itataka dodoso la Kiswahili pamoja na la Kiingereza. Omba mapema uruhusiwe kuchukua ridhaa ya mdomo. Ukifika kijijini na karatasi ya kusainiwa, watu watadhani unagawa mashamba yao. Pili ni kibali cha utafiti cha serikali, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, kisha barua zishuke mkoa, wilaya, kata hadi kijiji. Hiyo pekee inaweza kula miezi, na likizo ya kiangazi ni mitatu tu, kwa hiyo anza mwaka wa kwanza. Dodoso la barua pepe lenye vikumbusho vinne, wanalolipenda sana huku, halitafika popote. Hoji ana kwa ana, jaza majibu kwenye simu kwa KoBoToolbox, programu ya kukusanya takwimu, na ujaribishe maswali kwa watu kumi kwanza.

Hayo yote ukiyatazama, SUA Morogoro au Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, Kenya, zina hoja nzito. Shamba darasa liko karibu, msimamizi anamjua mkurugenzi wa wilaya, na hakuna anayekuuliza Kilosa iko wapi. Kasoro yao ni fedha za utafiti na rasimu kukaa mezani kwa msimamizi muda mrefu. Huku msimamizi mara nyingi husoma rasimu mapema zaidi na maktaba ina majarida mengi. Ningekuwa nashauri mtu mwenye ajira halmashauri, ningemwambia aombe ruhusa ya masomo, asome nyumbani, na aje huku kwa uzamivu akiwa tayari na swali. Asiye na ajira na aliyepata usaidizi kamili aje sasa, ila tangu muhula wa kwanza atunze mihtasari ya masomo yote na nakala rasmi za transkripti, kwa sababu atakaporudi Tanzania, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itahitaji kuitambua shahada yake kabla mwajiri hajaikubali.